Kumshukuru Ndugu au Rafiki Aliyepitia Jeshini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwezi wa saba tunakusanyika nyumbani kwa wazee wetu hapa Uyole, Mbeya, na kila mwaka maswali ni yale yale. Wanauliza vijana wa Mwanjelwa, wanauliza shangazi zetu waliopanda basi Mafinga na Makambako, wanauliza wakwe ambao hawajui waanzie wapi. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Baba yangu alikuwa koplo. Mwaka 1979 alikwenda Uganda na kikosi cha mizinga. Mengi ninayoyasema nimejifunza kwake, na baadhi nimejifunza kwa kumkosea.

## Kuanza

Nimwambie nini hasa? "Asante kwa utumishi wako" inafaa?

Kauli hiyo tumeizoea kwenye filamu za Marekani, na huko kwao ina mahali pake. Ukiigeuza Kiswahili inasikika kama barua ya ofisini ya kumuaga mstaafu. Mzee ataitikia kwa adabu, basi.

Sisi tuna neno linalotangulia asante, nalo ni pole. Anza na pole. Pole kwa kulala handakini, pole kwa kutembea na mzigo mgongoni, pole kwa wenzako. Ukishasema pole, umemwonyesha kwamba unajua alitaabika. Halafu sema asante, na asante yako iwe na kitu ndani: "Asante baba, mshahara wako ndio ulionisomesha wakati wewe unakula biskuti kavu porini." Taja jambo moja la kweli, hata dogo.

Hongera iache kwanza, hasa kwa aliyetoka vitani, mpaka ujue alikutana na nini huko. Mwaka mmoja ndugu yetu mmoja alimpa baba hongera ya ushindi mbele ya watu wote. Baba alitazama chini muda mrefu. Baadaye ndipo tulipojua kwamba siku ile ile wengine walipokuwa wakishangilia, yeye alikuwa anamfunika rafiki yake kwa turubai.

Kama mna lugha ya nyumbani, itumie. Kwa Mnyakyusa, "ndaga fijo, tata" ikisemwa na mtoto aliyeinama kwa heshima inafika mbali kuliko hotuba.

Ni siku gani inafaa?

Siku ya Mashujaa ni tarehe 25 Julai. Si siku ya mapumziko, ndiyo maana wengi inawapita. Siku hiyo kwenye mnara wa mashujaa kunawekwa ngao, mkuki, upinde na mishale, sime na maua kwa ajili ya waliokufa wakilitetea taifa. Redio huwa inatangaza moja kwa moja, na kuketi na mzee mkasikiliza pamoja ni mwanzo mzuri. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya Januari ya mwaka ule. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianza tarehe 10 Julai 1963.

Ila mimi naona siku bora ni ile aliyorudi nyumbani. Muulize mama, yeye ataikumbuka. Mama yangu haikumbuki tarehe, lakini anakumbuka kwamba mahindi yalikuwa yameshavunwa na alikuwa anapepeta uwanjani alipomwona mtu mwembamba anakuja na begi. Tunaadhimisha siku hiyo kwa kukisia, baada ya mavuno.

Hatujawahi kuzungumza habari hizo kabisa. Nianzie wapi?

Kwenye kazi ya mikono. Ukimkalisha sebuleni ukasema "mzee leo tunataka utusimulie", atakupa ratiba: tulitoka hapa, tukafika pale, tukarudi. Kaa naye mkipukuchua mahindi au mkimenya viazi. Macho yakiwa kwenye kazi, ulimi unalegea.

Mimi mlango wangu ulikuwa sanduku la bati la baba. Nilimsaidia kulihamisha kutoka chumba kinachovuja. Ndani mlikuwa na blanketi la kijivu limekunjwa mraba sawasawa, kona juu ya kona, kama limekaguliwa jana. Nikamwomba anifundishe kulikunja. Alilikunjua, akalikunja mara tatu mbele yangu, na mara ya tatu akaanza kusema lilikotoka.

Ninaweza kumuuliza kuhusu vita yenyewe?

Unaweza, ukipita pembeni. Uliza mlikula nini, mlilala wapi, nani alikuwa anawachekesha, mliimba nini kwenye mchakamchaka, mvua iliwakuta wapi. Uliza jina la rafiki yake. Usimuulize "uliua watu wangapi?" Watoto huuliza hivyo kwa sababu hawajui. Waeleze mapema, kabla hawajaingia ndani.

Soma kidogo kabla ya kwenda, ili asilazimike kuanza mwanzo. Kwa vita vya Kagera inatosha ujue kwamba majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978 yakateka eneo la kaskazini ya mto Kagera. Kwamba Mwalimu Nyerere alitangaza tarehe 2 Novemba kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vilikuwepo. Kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na mapigano yakamalizika mwanzoni mwa Juni karibu na mpaka wa Sudan. Ukitaja Mutukula, Masaka au Lukaya, mzee aliyepita huko atageuza shingo akutazame. Hapo nyamaza umsikilize.

## Nani anahesabika

Baba mdogo alikuwa mgambo tu. Naye tumshukuru?

Ndiyo, na hilo neno "tu" liondoe. Wengi waliovuka mto Kagera hawakuwa askari wa kazi. Walikuwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza, waliochukuliwa vijijini na makazini wakapewa mafunzo ya haraka. Vita vilipokwisha walirudi kwenye jembe. Hawana cheo cha kutajwa wala stori ya kambini, na kwa sababu hiyo familia nyingi huku Nyanda za Juu Kusini hazijui kwamba yule mzee mkimya anayelima pareto alipigana. Hawa ndio wanaosahauliwa kwanza. Waanze wao.

Mimi nilipitia JKT kwa mujibu wa sheria. Nahesabika?

Utaratibu huo ulisimama mwaka 1994 ukarejea 2013, kwa hiyo nyumba nyingi zina mjomba wa operesheni (ndivyo makundi ya JKT yanavyoitwa) za zamani na mpwa wa operesheni za juzi. Kwa heshima ya waliokwenda vitani, usijiweke kwenye safu yao. Lakini unalo jambo moja ambalo sisi wengine hatuna: unajua kwata na uchovu wake. Muulize mzee "ulikuwa operesheni gani?" na mtaelewana kwa dakika tano kuliko mimi kwa mwaka. Kama ulipita Itende au Mafinga, mtajie. Wazee wa huku wanazijua kambi hizo na baridi yake ya alfajiri.

Na askari wa kike?

Sawa kabisa, bila kupunguza. Shangazi zetu waliovaa gwanda huulizwa kwanza waliolewa lini, ndipo waulizwe walitumikia wapi. Geuza mpangilio huo.

Babu alipigana chini ya Mwingereza, au chini ya Mjerumani. Je, hilo ni la kushukuriwa?

Swali hili linatoka sana Iringa, na lina uzito. Wahehe waliwapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na ndiyo maana kambi kubwa ya Dar es Salaam inaitwa Lugalo. Baadaye wengine katika koo hizo hizo walivaa sare ya mkoloni. Waliokwenda Keya, yaani jeshi la Mwingereza la King's African Rifles, katika Vita Kuu ya Pili walifika hadi Burma, wakapigana na Wajapani kwenye matope na malaria kwa ajili ya mfalme ambaye hawakumjua. Wengine walijiandikisha, wengine walichukuliwa.

Maoni yangu: hatumshukuru babu kwa vita ya mkoloni. Tunampa pole kwa kutumwa huko, na tunamshukuru kwa alichorudi nacho na akakitumia hapa: kusoma, udereva, ushonaji, na ujasiri wa kumtazama bwana wilaya usoni.

Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wana hali ya peke yao. Jeshi la Mjerumani Lettow-Vorbeck lilipita Ubena, huko Njombe, likielekea Rhodesia ya Kaskazini na likasalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Mizigo ya pande zote mbili ilibebwa na watu wetu. Ukitembelea makaburi ya vita pale Iringa mjini utaona mawe na majina, lakini wapagazi walio wengi walizikwa njiani bila jiwe. Kama ukoo wenu una jina la mpagazi, liandikeni. Kuliandika tayari ni shukrani.

Mama hakwenda jeshini. Kwa nini mnasema naye ashukuriwe?

Kwa sababu alibaki. Mwaka 1979 mama yangu alikuwa na watoto wawili na mimba ya tatu. Alilima, alivuna, aliuza ndizi, na jioni alikaa karibu na redio ya jirani akisubiri habari za Redio Tanzania Dar es Salaam. Barua ilichukua wiki nyingi, na yeye alikuwa hajui kusoma vizuri, kwa hiyo kila neno la mumewe lilisomwa kwa sauti na mwalimu wa shule. Fikiria hayo: barua ya mumeo kusomwa na mtu mwingine, ukijua kwamba siku ikija barua mbaya ni yeye atakayekuambia.

Siku tuliyomwita mbele na kumpa pole yake, kabla ya baba, alilia. Baba alisimama akampigia saluti. Sijawahi kuona wazee wangu wakitazamana vile.

## Zawadi, sherehe na picha

Tumpe zawadi gani?

Mwezi wa saba huku ni baridi kali, na Makete na Njombe huamka na sakitu. Blanketi zito, koti au soksi za sufu havijawahi kukataliwa. Mchele wa Kyela, asali, majani ya chai ya Rungwe au Mufindi. Kwa mzee wa Kihehe, mgolole mpya.

Zawadi ya muda ni bora zaidi. Mpeleke siku ya uhakiki wa pensheni, ukae naye kwenye foleni, umshikie bahasha ya vyeti. Mpeleke apimwe masikio: waliokaa na mizinga wengi hawasikii vizuri, na familia hudhani ni ukali au kiburi. Baba yangu sikio la kushoto halikusikia tena baada ya Uganda. Tuliligundua miaka mingi baadaye, na nikakumbuka mara ngapi nilimsemesha upande ule nikaondoka nimenuna.

Na mtafutie rafiki yake. Kama mwenzake wa kombania yupo Tunduma au Ilula na hawajaonana miaka, mlipie nauli. Hiyo ndiyo zawadi ambayo wazee wetu waliizungumzia mwaka mzima.

Tukodishe ukumbi na mshereheshaji?

Mwaka wa kwanza tulifanya hivyo. Mshereheshaji aliweka milio ya risasi kwenye spika ili kuchangamsha watu. Wazee wawili walitoka nje na hawakurudi. Mmoja alikutwa amesimama nyuma ya gari, mkono juu ya bati lake, anahema.

Tangu hapo tunafanya nyumbani, mchana, bila fataki, bila ngoma ya kushtukiza, na kiti cha mzee kinawekwa mgongo ukiwa ukutani. Tunapika, tunakula, mtu mmoja mmoja anakwenda kumpa mkono na kusema neno lake. Pombe ya ulanzi ikiwepo iwepo kidogo.

Tunataka kushona sare ya familia kwa kitambaa cha kombati. Inaruhusiwa?

Hapana. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha. Shoneni kitenge. Hata zile fulana zenye madoadoa zinazouzwa mnadani msimnunulie mtoto kwa siku hiyo.

Naweza kuweka picha zake mtandaoni?

Kwanza mwombe ruhusa yeye mwenyewe. Picha ya zamani ya mstaafu akiwa kwenye fremu sebuleni haina tatizo akikubali. Picha za ndani ya kambi, magari, silaha, au wenzake ambao bado wako kazini ziache kabisa.

## Walio kazini sasa

Kijana wetu yuko nje kulinda amani. Tumshukuru vipi akiwa huko?

Askari wetu wamekwenda Lebanon, Darfur, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na katika Kongo wamekuwa kwenye brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa tangu 2013. Huko si matembezi. Tarehe 13 Julai 2013 askari 7 wa Tanzania waliuawa Darfur, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao pale Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na zaidi ya 10 wakauawa.

Mtumie sauti fupi ya nyumbani. Watoto wakibishana, mvua ikipiga bati, bibi akimwita kwa jina la utotoni. Usimuulize yuko kijiji gani wala anaondoka lini, na usiyatangaze kwenye kundi la ukoo. Matatizo ya nyumbani yanayoweza kungoja yangoje. Anayo bunduki mkononi na hawezi kumtibu ng'ombe wenu akiwa Beni, huko Kongo. Wakati huo huo msaidieni mkewe au mumewe kazi za kila siku. Akisikia kwamba shamba limepaliliwa, ameshukuriwa.

Akirudi, mpeni siku chache za kulala kabla ya kumwalikia watu.

## Mambo magumu

Anasema "mimi sikufanya chochote, waulizeni waliokufa."

Usibishane naye. Muulize majina yao. Ukitaka kumfikia, mshukuru kwa kuwakumbuka. Mwaka juzi mzee mmoja aliyekuwa anakataa kila kitu alikubali tuandike majina manne aliyoyataja, tukayasoma kanisani. Alitulia kuliko siku zote.

Anashtuka usiku, anakunywa sana, ana hasira. Shukrani itasaidia?

Peke yake haitoshi, na usiitumie kuficha tatizo. Hilo ni jeraha kama jeraha la mguu, na linatibika. Hospitali za rufaa zina wahudumu wa afya ya akili. Watu wakisikia hivyo hudhani mzee anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Mweleze kwamba ni mazungumzo na pengine dawa, kisha anarudi nyumbani. Nenda naye. Usimwamshe kwa kumgusa, mwite jina ukiwa mlangoni. Na kama anawapiga walio nyumbani, walinde hao kwanza. Utumishi wake haumpi ruhusa hiyo, na kumshukuru hakukufungi mdomo.

Rafiki yangu aliondoka jeshini vibaya. Nimtaje?

Mtaje faraghani, si hadharani ambapo wengine wataanza kuuliza. Miaka aliyoitumikia aliitumikia. Mshukuru kwa hiyo, na usichimbe yaliyofuata.

Ameshafariki. Tunamshukuruje?

Safisheni kaburi, msome jina na cheo chake kwa sauti, wajukuu wakiwepo. Kama hamkijui cheo, tafuteni kwenye karatasi zake kabla ya kuchora jiwe. Nimeona jiwe la sajenti lililoandikwa koplo, na kulibadilisha ni gharama. Nishani zake zifungeni kwenye kitambaa kikavu pamoja na karatasi yenye jina lake na mwaka. Mtoto azitazame, azishike, ajue za nani. Asizivae kama zake.

Hakurudi, na hatuna kaburi.

Poleni sana. Waliofia vita vya Kagera wengi wamezikwa Kaboya, Mkoa wa Kagera, na waliofia ukombozi wa Msumbiji wako Naliendele, Mtwara. Kama ukoo unaweza kuchanga nauli ya mtu mmoja aende, aende, achukue udongo kidogo au picha, arudi asimulie. Kama haiwezekani, chagueni mti uwanjani. Tunao mparachichi kwa ajili ya mjomba ambaye hatujui alipolala. Matunda yake hatuuzi. Kila anayepita anachuma.

Nimechelewa. Mzee amesahau mambo, hata mimi hanijui.

Nenda hivyo hivyo. Baba yangu sasa ananiita kwa jina la kaka yake. Lakini namba yake ya jeshi anaitaja yote bila kukosea, na ukimpa blanketi mikono yake inalikunja mraba, kona juu ya kona. Nenda asubuhi kabla hajachoka. Keti upande wa sikio linalosikia. Sema "Shikamoo afande," ungoje aitikie, kisha mpe pole yake.